Siku Ndimbo Alipolisifu Gari la Chengula

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani mbele ya afisa mmoja wa usalama, tukapitisha vidole kutoka baharini mpaka maziwani, na sote wawili tukatia saini kwamba haipo. Kwa hiyo msomaji usihangaike. Ukiona mtu humu anafanana na mtu unayemjua, mfunike kwa kidole gumba uendelee kusoma.

Mimi nilikuwa karani katika nchi hiyo. Mnivumilie nikisimulia harakaharaka, maana kukaa mahali pamoja siku hizi kumenishinda. Nikikaa naona kama kuna mtu nyuma ya kiti. Nikisimama naona kama kiti kinanisubiri. Daktari kasema ni gesi.

Basi. Wilayani kwetu kulikuwa na kilima kinaitwa Kwamtelezo. Juu yake kuna mashamba ya kabichi na misitu ya mbao, chini yake kuna soko, na katikati kuna tope. Barabara ya lami ilishazinduliwa mara nne na mawaziri wanne, ila yenyewe ilikuwa haijafika. Wenye pikapu ndio waliotushusha na kutupandisha, nao walikuwa makundi mawili: wenye pikapu za Kimarekani na wenye pikapu za Kijapani. Kama ulikuwa huna gari kabisa, ulichagua upande hivyohivyo. Mimi nilikuwa Mjapani kwa upande wa mama.

Kiongozi wa Wamarekani, japo hakuna aliyemchagua, alikuwa Fulgensi Ndimbo, muuza mbao, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Gari lake lilikuwa na pua ndefu hata likiingia sokoni, yeye mwenyewe bado yuko kwenye kona. Usukani ulikuwa kushoto, na askari wa barabarani hawakukubali kabisa kwamba dereva anaweza kukaa huko, hivyo walimwandikia makosa abiria wa kulia. Mama mkwe wake Ndimbo, ambaye hajawahi kushika usukani maishani, alikuwa na makosa tisa.

Kiongozi wa Wajapani alikuwa Asheri Chengula, mkulima wa kabichi, mwembamba, mpole kwa kila mtu isipokuwa Ndimbo. Gari lake lilikuwa dogo, mlango wa dereva ulifunguliwa kwa kijiko, na likishajazwa ulikuwa huoni gari, unaona kabichi zinashuka mlima zenyewe.

Hawa wawili walikuwa watani. Na utani wa Kwamtelezo ulikuwa na masharti yake. Gari likinasa, halivutwi hivihivi. Mtani wa upande wa pili huja na mnyororo, lakini kabla ya kuufunga, sharti alizunguke gari lililonasa mara moja, kuanzia bampa la mbele mpaka la nyuma na kurudi, akilitukana kiungo kwa kiungo. Mwenye gari hushuka, huvua kofia, husimama kimya. Haruhusiwi kujibu. Zamu yake itakuja tope likimgeukia mwenzake, na tope letu lilikuwa halina upendeleo. Mzunguko ukiisha, mnyororo unafungwa, gari linatoka, watu wanapeana mikono.

Sharti la pili: gari la mtani halisifiwi. Husifiwa siku moja tu, makaburini, mwenyewe akiwa ameshashushwa. Siku alipozikwa mzee Komba, aliyekuwa na Mmarekani wa kijani, Chengula ndiye aliyesimama kwenye udongo mbichi akasema, "Gari la marehemu lilikuwa na breki nzuri." Akasema hayo tu. Wanaume wazima walilia, maana hapo ndipo walipoamini kwamba Komba kafa kweli.

Shikeni hilo, tuendelee.

*

Siku ya balaa, Mheshimiwa Pazia Mkumbukwa, Waziri wa Utulivu, alikuwa anapanda kilima kwenda kuizindua ile barabara kwa mara ya tano. Msafara wake ukakuta njia imezibwa. Mmarekani wa Ndimbo, amejaa mbao, alikuwa amezama mpaka tumboni, na Chengula alikuwa katikati ya mzunguko. Mvua inanyesha, watu wanafika mia tatu, na hakuna aliyegeuka kutazama nyuma.

"Tazameni pua hii!" Chengula alikuwa anasema. "Inatangulia kufika kila mahali, kazi haifiki! Taa kubwa sita, na shimo halikuliona! Na injini, sikilizeni jamani. Inanguruma toka asubuhi, imemaliza mafuta ya wilaya nzima, inatutupia tope machoni, na haijasogea hata hatua moja! Ndimbo, ndugu yangu, walikudanganya. Hili si gari. Wewe umenunua serikali!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Ndimbo mwenyewe, kofia mkononi, mabega yalikuwa yanamtikisika. Na Waziri alicheka. Nilikuwepo, nilimwona, alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akamwangalia mlinzi wake, hacheki. Akamwangalia dereva, hacheki. Akawaangalia wananchi mia tatu, wanacheka.

"Tunacheka nini?" akauliza.

Swali kama lile lilihitaji kujibiwa na mtu mwenye hati ya kusafiria mfukoni.

Chengula aliruhusiwa kwanza afunge mnyororo amvute Ndimbo, maana bila hivyo msafara usingepita. Alipomaliza kuifungua njia, ndipo wakamkamata.

*

Sasa ikaja kazi ya kumtafutia kosa. Vikao vilikaa siku tatu. Ugumu ulikuwa huu: huwezi kuandika kwamba mtu kafananisha gari lililokwama na serikali mpaka wewe mwenyewe uwe umeona zinapofanana. Naibu mmoja, mtu msomi, aliuliza, "Kwani zinafanana wapi?" Alihamishiwa idara ya hali ya hewa, akapime upepo mlimani, na nasikia anaupima mpaka leo.

Mwishowe ikatungwa Sheria ya Ushindani wa Kirafiki. Waziri alikuja kuitangaza mwenyewe, sokoni, juu ya jukwaa lenye zulia.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu inaupenda utani. Inaupenda kiasi kwamba haiwezi kuuacha uzurure ovyo kama mbwa asiye na mwenyewe. Kuanzia leo utani una ofisi, una fomu, na una mhuri. Tanianeni, tanianeni kwa amani! Lakini tuleteeni kwanza tuuone."

Karani wa kwanza wa Utani katika historia ya nchi nikawa mimi. Mtu akitaka kumtania mwenzake, alileta utani wake kwa maandishi, nakala tatu, siku saba kabla. Mimi niliupeleka kwa Kamishna wa Urafiki, Bwana Kitojo, naye aliusafisha. Nakumbuka mtu mmoja alileta, "Gari lako linakohoa kama bibi mwenye pumu." Ulirudi umesomeka, "Gari lako lina sauti." Huo ulipata mhuri. Mwingine uliopita bila kuguswa ulikuwa, "Gari lako ni zuri, ingawa mengine nayo yapo." Mwenye nao alipewa cheti.

Kuropoka bila kibali: miaka mitatu.

Loo! Mngeiona sasa Kwamtelezo. Gari likinasa, watani wanasimama na mnyororo wao kimya, wanasubiri kibali siku saba. Na mwenye gari hakubali kuvutwa bila kuzungukwa, anaona ni kuvutwa kama mzoga. "Acha nioze na kabichi zangu," walisema. Pikapu zikajaa kilimani kama mabua baada ya mavuno. Ofisi ikatoa taarifa kwamba ajali za barabarani wilayani zimekwisha kabisa, na Kamishna akapata nishani.

*

Tuje kwa Chengula. Yeye alikuwa mahabusu, na gari lake lilikuwa limefungiwa uwanjani kwa Kamishna, limening'inizwa kikaratasi: Kielelezo Namba Moja. Kofia yake ilikuwa Kielelezo Namba Mbili. Shitaka lilikuwa kuvuruga urafiki wa raia mwenzake kwa njia ya gari, na raia mwenyewe aliyevurugwa alikuwa Ndimbo, ambaye aliitwa ofisini aambiwe.

"Mimi sijalalamika, Mheshimiwa," alisema Ndimbo.

"Ndiyo maana tumekulalamikia," alijibu Bwana Kitojo kwa upole. Alikuwa mtu mpole sana, kucha zake safi. "Wewe umeumizwa bila kujua. Hao ndio walioumia vibaya kuliko wote."

Akamweleza njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, Ndimbo akubali katukanwa. Hapo Chengula angekwenda jela miaka mitatu, na gari lake lingekatwakatwa likauzwe chuma chakavu. Ya pili, Ndimbo athibitishe kwamba wao ni marafiki. Ila urafiki haushikiki mkononi, kwa hiyo ulithibitishwa kwa Tamko la Kauli Njema: Ndimbo angeapa mbele ya watu, kisha angelisifu gari la Chengula, bila mzaha na bila kutabasamu.

Ndimbo aliketi. Nilimwona anakuwa mweupe midomo. Kamishna alidhani ni furaha.

Jioni nilimpelekea ile fomu ya tamko kwenye banda lake la mbao. Nikamkuta anatembea toka ukuta mpaka ukuta, anapiga mbao teke. Mke wa Chengula, Bi Sikujua, alikuwa amekaa juu ya gogo, ametoka mahabusu kumwona mumewe.

"Anasemaje?" aliuliza Ndimbo.

"Anasema, 'Mwambie Ndimbo asinizike.' Basi. Hata hali yangu hakuuliza."

"Unasikia, shemeji? Unasikia? Mimi nitasimamaje niseme maneno hayo, mtu ananitazama machoni, anapumua? Komba tulimsifu yuko chini! Yule yuko hai, anakula ugali!"

"Ugali gani? Umemwona alivyokonda? Ukimsema vibaya wanamfunga. Ukinyamaza wanamfunga. Lile gari ndilo linalosomesha watoto wangu, wataligeuza misumari."

"Nikimsifu sitaweza tena kumtania. Umeshaona nani akataniwa baada ya kuzikwa?"

Sikujua akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Wewe mzike, shemeji," akasema. "Mzike mbele yao wote. Mradi nimpate, kufufuka tutajua wenyewe."

Ndimbo aliichukua fomu. Kwa kalamu aliitoboa karatasi, nikalazimika kumletea nyingine.

*

Siku ya shauri ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kwa upungufu wa watumishi, Bwana Kitojo alikuwa mwendesha mashtaka na hakimu, na pia yeye ndiye aliyetoka nje, akapaza sauti "Simameni!", halafu akaingia.

Ndimbo alipanda akiwa na suti nyeusi. Suti ile tuliijua wote. Alikuwa anaivaa misibani. Chengula alikuwa kizimbani, kichwa wazi, amepungua nusu. Akatikisa kichwa kidogo kumwelekea Ndimbo: usifanye. Ndimbo hakumtazama. Alitazama dirishani, kulikokuwa na lile gari na kikaratasi chake.

"Gari la Asheri Chengula," akaanza, na ile sauti ya kuitia ng'ombe ikatoka nyembamba, ikawa ya mtu mwingine, "ni gari zuri."

Ukumbi mzima uliguna.

"Halijawahi kumwacha mtu njiani. Mwaka wa mafuriko lilimbeba mama yangu mpaka hospitali, na mwenyewe hakunikumbusha hata siku moja. Ni gari... ni gari la mtu mwema. Na mlango wake," akalitazama tena gari, "mlango wake unafungika vizuri."

Hapo Sikujua alijifunika uso kwa kanga. Wazee waliokuwa nyuma walianza kutoka mmoja mmoja, kama wanavyotoka makaburini, bila kuagana. Na Chengula akasema kwa sauti ndogo, lakini wote tulisikia, "Basi, Ndimbo. Inatosha. Umeshanifukia."

"Mshtakiwa ameguswa!" alisema Kamishna kwa furaha. "Andika, karani! Huu ndio urafiki wa kisasa!"

Nikaandika. Chengula akaachiwa, akarudishiwa vielelezo vyote viwili.

*

Hapo ndipo mateso yalipoanza, na mimi nilikuwa natumwa kila siku kuyaandikia ripoti.

Chengula alirudi nyumbani akiwa marehemu. Hakuna aliyemdhuru. Kila mtu alikuwa na adabu naye, na hiyo adabu ndiyo iliyokuwa inamla. Akipita sokoni watu wanashusha sauti. Wale Wamarekani waliokuwa wakimwona wanapiga mluzi na kumwuliza kama lile ni gari au kikapu, sasa walimwambia, "Shikamoo, Bwana Chengula," na wengine wao walikuwa rika lake. Alianza kupandisha na kushusha kilima bila mzigo, mara tano kwa siku, anatafuta mtu wa kumtukana. Alimkanyagia Mmarekani mmoja kikapu chake cha mayai kwa makusudi. Yule bwana akamwambia, "Hakuna neno, ni bahati mbaya."

Ndimbo naye alikuwa anakimbia. Akiona kabichi zinashuka huku, yeye anageuza pua yake ndefu kule. Nilimwuliza siku moja kwa nini, akanijibu, "Karani, ulishaona mtu anakutana na aliyemzika?"

Mwezi mzima. Mimi mwenyewe usingizi ulianza kunitoka.

Ikafika siku ya soko, mvua ya asubuhi, watu wengi kilimani. Chengula anashuka na kabichi. Njia nzuri ilikuwa kulia, mtoto mchanga angeiona. Yeye alikata kushoto, akaingia katikati ya tope bila hata kukanyaga breki, akazama mpaka mihimili ya magurudumu. Akazima injini. Akakaa ndani na kofia yake.

Dakika zikaenda. Hakuna aliyesogea. Mimi nilisimama na mwavuli, fomu kwapani. Halafu tukasikia mngurumo, na ile pua ikatokea kwenye kona, na baada ya muda Ndimbo naye akatokea.

Akashuka na mnyororo. Akaja mpaka nilipo.

"Bwana Ndimbo," nikasema, na sauti yangu haikunipendeza, "una kibali?"

"Sina."

"Basi ukifungua mdomo ni miaka mitatu."

"Unadhani sijui?"

Akaenda akainama, akaanza kuufunga mnyororo kimya. Chengula akasema kupitia dirishani, hata hakugeuza shingo, "Funga tu uvute, bwana. Asante sana. Mimi si mtu wa kuzungukwa tena."

Bwana! Chengula kumwita Ndimbo bwana, tena na asante juu yake! Ndimbo akakaa vilevile ameinama, mvua inampiga mgongoni. Kisha akauachia mnyororo, ukaanguka topeni.

"Shuka," akasema.

"Nishuke niende wapi?"

"Shuka, marehemu!" Na ile sauti ya kuitia ng'ombe ikarudi, ikagonga kilima cha pili. "Shuka uvue kofia!"

Tukamwona Chengula anatafuta kijiko. Kinamponyoka, anakiokota. Mlango ukafunguka. Akashuka, tope magotini, akaivua kofia akaishika kifuani.

"Mlango!" Ndimbo alianzia hapohapo, hakungoja bampa. "Nimeapa mbele ya Kamishna, na Mungu anasikia, kwamba mlango huu unafungika! Mimi, mtoto wa mzee Ndimbo, nimekuwa mwongo kwa sababu ya kimlango cha kijiko! Nyumbani kwenu mnakula uji kwa mikono, kijiko kiko kazini! Taa, moja inatazama barabara, nyingine inachungulia kwa jirani! Bampa hili mmelifunga kwa kamba ya mbuzi. Mbuzi yuko wapi? Kakimbia, hata yeye kaona aibu! Injini inakata roho kila kona, nami nikasema nzuri, mdomo huu huu! Na mwenye gari ndiye kiboko. Tumemzika mwezi mzima, nimevaa na suti, jitu hata kufa limeshindwa, bado linauza kabichi!"

Mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, akajiziba mdomo, akaniangalia. Akafuata mwingine. Halafu kilima chote kikacheka, Wamarekani na Wajapani, kicheko cha miezi mingi, wanashikana mabega wasianguke. Sikujua alikuwa amekaa chini topeni, hajali kanga. Chengula hakucheka. Alisimama na kofia kifuani, na mvua ilimsaidia, hukuweza kujua usoni pake kipi ni maji ya mbinguni na kipi chake.

Fomu ikawa inalowana mikononi mwangu. Nilikuwa mtu wa pekee pale mwenye mhuri. Nikaandika: Gari limenasa. Gari limevutwa. Hakuna kilichosemwa. Nikagonga, nakala tatu. Mbili nilizila baadaye nyumbani. Ya tatu ilishakwenda, iko kwenye kabati fulani la Bwana Kitojo, na kilimani pale tulikuwa watu mia nne tuliosikia. Kwa hiyo daktari aseme gesi, aseme atakavyo, mimi najua kwa nini siwezi kukaa.

Ndimbo alipomaliza mzunguko aliinama kuutafuta mnyororo. Chengula akamshika mkono.

"Rudia upande wa kushoto," akasema. "Mvua hii, sijasikia vizuri."

"Kushoto ni kubaya zaidi, Asheri."

"Rudia."

Ndimbo akajifuta uso, akaanza kuzunguka tena. Nami, Mungu anisamehe, nikafunga mwavuli, nikasogea karibu nisikie.